Akaunti ni ya Kikundi, Mbona Mnataka Kitambulisho Changu?

"Akaunti ni ya kikundi, si yangu. Sasa kitambulisho changu ni cha nini? Na hiyo picha ya uso je?"

Swali hili wahudumu wetu wa simu hulisikia karibu kila wiki, na mara nyingi anayeuliza ni mweka hazina. Ameshapakia cheti cha usajili, ameshaweka PIN ya KRA ya kikundi, anadhani kazi imeisha. Kisha skrini inamwambia apige picha ya kitambulisho chake mbele na nyuma, halafu ageuze simu ajipige picha ya uso. Hapo wengine huacha ombi katikati. Wengine hutupigia wakiwa wamekasirika kidogo, na tunawaelewa. Umejitolea kushika hela za watu bila malipo yoyote, halafu unaulizwa wewe ni nani! Ni rahisi kuona kama unashukiwa.

Hushukiwi. Katika makala haya tunaeleza kwa nini tunamuuliza mtu binafsi maswali haya hata kama akaunti ni ya kikundi, kanisa, msikiti, shirika la kijamii au mfuko wa kusaidia wagonjwa. Tunaeleza pia tunachokifanya na taarifa zako, mambo yanayofanya maombi yakwame, na unachofaa kuandaa ili usirudi kwetu mara tatu.

Kwanza, pesa zikikaa kwenye laini ya mtu

Vikundi vingi huanza hivi: mnakutana, mnakubaliana kuchanga, na mtu mmoja anasema, "Tumeni tu kwa laini yangu." Ni haraka, haina fomu, na huyo mtu mnamwamini. Mara nyingi imani hiyo si ya bure. Shida ni kwamba mwaminifu naye anaweza kupoteza simu, kuugua, au kufa.

Kuna simu moja ambayo bado tunaikumbuka. Kikundi cha akina mama wa sokoni kilikuwa kimechanga karo ya watoto wanne waliofiwa na wazazi, wote wakiingia kidato cha kwanza. Pesa zote zilikuwa kwenye laini ya mweka hazina. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mama huyo alifariki dunia katika ajali ya barabarani. Mwenyekiti alitupigia akiwa na daftari la michango mkononi, kila jina na kila shilingi imeandikwa. Alitaka kitu kimoja tu: tuhamishe pesa hizo kwa shule.

Hatukuweza. Kwenye rekodi, hakukuwa na kikundi. Kulikuwa na mteja mmoja aliyefariki, na salio lililo kwa jina lake. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali iliyo kwa jina la marehemu ni sehemu ya mirathi yake, na anayeruhusiwa kuigusa ni yule aliyepewa mamlaka hayo kisheria. Familia ya marehemu haikuwa na ubishi hata kidogo. Walijua pesa si zao. Lakini wao pia iliwabidi wafuate utaratibu, na utaratibu haujui kalenda ya shule. Pesa zilipotoka, muhula ulikuwa umekwisha. Watoto waliripoti shuleni wakiwa na deni.

Hapo hakuna aliyeiba. Daftari lilikuwa safi. Kilichokosekana ni akaunti yenye jina la kikundi, na watu zaidi ya mmoja ambao tayari tunawajua kwa sura na kwa kitambulisho.

Kuna sababu nyingine ya kawaida zaidi. Akaunti ya mtu binafsi ina kikomo. Kikomo cha salio ambacho wengi wanakijua ni shilingi 500,000. Harambee ya bili ya hospitali inaweza kufika hapo kwa siku moja, na wachangaji wa jioni wakajikuta pesa zao zinakataa kuingia.

Kikundi hakina uso

Sasa turudi kwa swali lenyewe. Mbona kitambulisho cha mtu?

Kisheria, shirika lililosajiliwa linaweza kuwa na jina lake, kumiliki mali, na hata kushtaki au kushtakiwa, kulingana na lilivyosajiliwa. Lakini shirika haliwezi kubonyeza simu. Haliwezi kuweka namba ya siri. Kila shilingi inayotoka kwenye akaunti ya shirika inatolewa na kidole cha mtu. Tukijua cheti tu, bila kumjua mwenye kidole, hatujajua lolote la maana.

Kwa biashara ya kawaida, swali linaloulizwa ni: nani anamiliki? Sheria ya kampuni hapa Kenya inataka majina ya wamiliki halisi, yaani watu walio nyuma ya kampuni, kuanzia mtu mwenye asilimia 10 ya hisa. Lakini shirika lisilo la faida halina hisa. Hakuna anayegawiwa faida mwisho wa mwaka. Kwa hiyo swali linabadilika na kuwa: nani anaendesha? Nani akisema "lipa", pesa zinalipwa? Majibu ya swali hilo huwa ni watu watatu au wanne: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, au wakurugenzi na wadhamini. Hao ndio tunaowaomba vitambulisho.

Zingatia jambo moja. Kumthibitisha mtu si kumfanya mmiliki. Wewe kuthibitishwa kama mweka hazina hakuzifanyi pesa za kikundi kuwa zako, na hakukufanyi mdhamini wa madeni ya kikundi. Tunathibitisha tu kwamba mtu aliyetajwa kwenye karatasi kama mweka hazina ndiye huyu aliyeshika simu.

Sheria inasemaje

Hatukujitungia masharti haya. Kampuni za malipo nchini hufanya kazi chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Kenya, kwa mujibu wa Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Kitaifa ya 2011. Pia tunabanwa na sheria ya 2009 ya kuzuia mapato ya uhalifu na utakatishaji wa fedha, ambayo wengi huiita kwa kifupi POCAMLA. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Kituo cha Kuripoti Fedha, na ndiyo inayotutaka tumjue mteja kabla hatujampa huduma, tufuatilie miamala isiyo ya kawaida, na tuweke kumbukumbu kwa muda usiopungua miaka 7.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu Februari 2024, wakati FATF, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya kupambana na utakatishaji wa fedha, liliiweka Kenya kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za nje huuliza maswali mengi zaidi kabla ya kupokea au kutuma pesa. Mfadhili aliye Ujerumani anayetaka kusaidia zahanati ya kijiji anaweza kucheleweshwa, si kwa sababu zahanati ina kosa, bali kwa sababu pesa zinakuja Kenya. Akaunti ya zahanati ikiwa na watu waliothibitishwa vizuri, maswali hayo yanajibika upesi.

Tuseme wazi: FATF yenyewe, katika pendekezo lake la 8, haisemi kwamba kila shirika lisilo la faida ni la kutiliwa shaka. Pendekezo hilo lilirekebishwa mwaka wa 2023 ili kusisitiza kwamba hatua zilingane na hatari iliyopo, na kazi halali za hisani zisivurugwe. Nasi tunajaribu kufuata moyo huo. Kikundi cha watu kumi na wawili kinachochangia mazishi hakiulizwi maswali sawa na shirika linalopokea mamilioni kutoka nchi tano.

Maswali matatu tunayotafutia majibu

Ukiondoa fomu zote, kazi yetu ni kujibu maswali matatu.

1. Je, kikundi hiki kipo kweli?

Hapa tunaangalia cheti. Kenya ina njia kadhaa za kusajili kundi la watu wenye nia njema, na cheti chako kinategemea mlipitia mlango upi:

- Kikundi cha kijamii, kama kikundi cha kujisaidia, cha akina mama, cha vijana au cha walemavu, husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii iliyo karibu nanyi. Kinahitaji wanachama wasiopungua 10.
- Chama au jumuiya, pamoja na makanisa mengi, husajiliwa na Msajili wa Vyama chini ya Sura ya 108.
- Mashirika yaliyokuwa yakiitwa NGO sasa yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika tarehe 14 Mei 2024 na kuchukua nafasi ya sheria ya 1990. Kama cheti chenu ni cha zamani, ulizeni mapema kuhusu kuhamia chini ya sheria mpya.
- Kampuni isiyo na hisa, yaani yenye dhamana ya wanachama, husajiliwa na Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen.

Pamoja na cheti, tunaomba katiba ya kikundi na PIN ya KRA ya kikundi chenyewe, si yako.

2. Je, watu hawa ni wao kweli?

Hapa ndipo kitambulisho na picha ya uso vinapoingia. Namba ya kitambulisho inalinganishwa na rekodi za serikali za usajili wa watu, kuona kama jina, namba na tarehe ya kuzaliwa vinaafikiana. Picha ya uso inalinganishwa na picha iliyo kwenye kitambulisho. Simu inaweza kukuambia ugeuze kichwa au upepese macho. Si mchezo. Ni njia ya kujua kwamba mbele ya kamera kuna mtu aliye hai, wala si picha iliyotolewa kwenye Facebook.

Kama kiongozi si raia wa Kenya, tunatumia pasipoti au kitambulisho cha mgeni.

Pia tunaangalia kama jina lipo kwenye orodha za watu waliowekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa, na kama kiongozi ana wadhifa mkubwa wa umma. Kikundi ambacho mbunge ni mmoja wa viongozi wake hakikatazwi kufungua akaunti. Kitaulizwa tu maswali machache zaidi kuhusu pesa zinatoka wapi.

3. Je, watu hawa wametumwa na kikundi?

Swali hili watu wengi hulisahau. Unaweza kuwa na cheti halali, na kitambulisho halali, na bado hakuna aliyekutuma. Ndiyo maana tunaomba muhtasari wa mkutano unaoonyesha kwamba wanachama walikubali akaunti ifunguliwe, waliotajwa kuiendesha ni akina nani, na ni wangapi lazima wakubali kabla ya pesa kutoka. Muhtasari uwe na tarehe, sahihi za viongozi, na majina kama yalivyo kwenye vitambulisho. Karatasi moja inatosha. Haihitaji Kiswahili cha mahakamani wala Kiingereza cha wakili.

Kwa nini maombi hukwama

Maombi mengi tunayorudisha hayana ulaghai wowote. Yamekwama kwa vitu vidogo.

Majina hayalingani. Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote. Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti kinasema Muhammad, PIN ya KRA inasema Mohammed. Mama aliolewa, kikundi kinamjua kwa jina la mume, lakini kitambulisho bado kina jina la baba yake. Mzee anajulikana kijiji kizima kwa jina la utani, na katibu akaliandika hilo hilo kwenye muhtasari. Mtu anayesoma anaelewa, lakini mfumo unaona watu watatu tofauti.

Hapa tukubali kosa letu. Zamani mfumo wetu ulikuwa unakataa hata majina yaliyobadilishana nafasi tu, kwa mfano jina la ukoo likitangulia. Watu walirudishwa bila maelezo, na wengine walikata tamaa. Siku hizi ombi la aina hiyo linapelekwa kwa mfanyakazi wetu alisome kwa macho yake. Lakini herufi zikitofautiana bado tutakuuliza, na wakati mwingine tutaomba kiapo kilichotiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo au cheti cha ndoa.

Picha haisomeki. Kitambulisho kilichokaa mfukoni miaka kumi huwa kimechubuka. Kiweke juu ya meza yenye rangi nyeusi, karibu na dirisha, bila mwangaza wa simu. Pembe zote nne zionekane. Usitume nakala ya fotokopi. Kwa picha ya uso, vua kofia na miwani ya jua, na usisimame na dirisha mgongoni. Hijabu na kilemba cha dini haviondolewi. Tunachohitaji ni uso uonekane wote.

Kitambulisho cha mtu mwingine. Mweka hazina yuko shambani, kijana wake anasaidia kujaza fomu, na anapofika kwenye picha ya uso anajipiga yeye. Ombi linafungwa papo hapo. Kusaidiwa kujaza ni sawa, lakini uso lazima uwe wa mwenyewe.

Cheti kimepitwa na wakati au viongozi walishabadilika. Cheti kinaonyesha mwenyekiti wa miaka minne iliyopita, na anayeomba ni mwingine kabisa. Anzeni kwa kurekebisha rekodi kwa msajili wenu, ndipo mje kwetu.

Hofu tatu tunazozisikia

"Nitadaiwa kodi ya kikundi?" Kodi hufuata PIN. Kikundi kina PIN yake, wewe una yako. Ndiyo sababu tunasisitiza msitumie PIN ya mweka hazina kwenye akaunti ya kikundi. Mkifanya hivyo ndipo pesa za harambee zinaweza kuonekana kama mapato yake, na ndipo maswali ya kodi yataanza. Wala msidhani kuwa kikundi kisicho cha faida hakina wajibu wowote kwa KRA. Msamaha wa kodi huombwa na kupewa, haujileti wenyewe.

"Nitakopewa kwa jina langu?" La. Kuthibitisha utambulisho hakufungui mkopo. Taarifa zako hazipelekwi kwa kampuni za kukadiria mikopo kwa sababu tu wewe ni kiongozi wa kikundi.

"Picha yangu itaenda wapi?" Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuambiwa taarifa zako zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Data ikivuja na kukuweka hatarini, tunatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu tujue, na wewe pia ujulishwe. Una haki ya kuomba zifutwe, lakini hapa tuwe wakweli: ukiacha uongozi leo, hatuwezi kufuta kila kitu kesho, kwa sababu sheria ile ya 2009 inatutaka tuhifadhi kumbukumbu kwa miaka 7. Tunachofanya ni kukuondolea uwezo wa kuendesha akaunti, na taarifa zako zinabaki kwenye kumbukumbu bila kutumiwa kwa matangazo.

PIN mbili, usizichanganye

Neno PIN linachanganya watu wengi, na walaghai wanalijua hilo.

PIN ya KRA ni namba ya mlipa kodi. Huanza kwa herufi na kuishia kwa herufi. Si siri, huandikwa kwenye risiti na mikataba. Tutakuomba.

PIN ya simu ni namba yako ya siri ya kutolea pesa. Hatutakuomba kamwe. Si kwa simu, si kwa ujumbe, si kwa WhatsApp, si ofisini kwetu. Hali kadhalika ile namba fupi ya kuthibitisha inayotumwa kwa ujumbe wakati wa usajili. Hiyo unaiweka wewe mwenyewe kwenye skrini, humsomei mtu.

Mtu akikupigia na kusema, "Ombi la kikundi chenu limekwama, nitajie PIN nilimalize," kata simu. Na jihadhari na mawakala wa vichochoroni wanaojitangaza kwamba wanafungua akaunti za vikundi "bila usumbufu wa vitambulisho". Unachompa mtu kama huyo ni picha ya kitambulisho chako mbele na nyuma, na pengine uso wako. Kwa vitu hivyo anaweza kujaribu kusajili laini au kufungua akaunti usiyoijua, kisha siku moja polisi wanabisha mlangoni kwako.

Ulaghai wa michango nao ni wa kweli. Picha ya mtoto mgonjwa inachukuliwa kutoka ukurasa wa familia, inawekwa namba nyingine chini yake, na watu wanatuma. Mkichangisha kwa akaunti yenye jina la kikundi, mchangaji huliona jina hilo kwenye simu kabla hajathibitisha kutuma. Jina likiwa tofauti na lile mlilotangaza, anasita. Kusita huko kwa sekunde tano kumeokoa hela nyingi. Na jina hilo lina maana kwa sababu tu tulimuuliza mtu wa kwanza kitambulisho chake.

Viongozi wakibadilika

Akaunti nzuri ya kikundi inaruhusu mtu mmoja aanzishe malipo na mwingine ayakubali. Tunashauri watu watatu wathibitishwe, na wawili wawe lazima kwa kila malipo. Mmoja akisafiri au akilazwa hospitalini, kazi inaendelea. Mmoja akishawishika, mwenzake anamzuia.

Uchaguzi ukifanyika, tujulisheni mara moja. Leteni muhtasari wa mkutano wa uchaguzi na rekodi mpya kutoka kwa msajili, kisha viongozi wapya wathibitishwe kama walivyothibitishwa wa kwanza. Msimwachie mweka hazina wa zamani simu na namba ya siri "amwonyeshe mpya". Namba ya siri hairithiwi. Mkiwa na mgogoro na pande mbili zinadai uongozi, tunaweza kulazimika kusimamisha malipo hadi msajili au mahakama iseme. Tunajua inauma, hasa kukiwa na mgonjwa anayesubiri. Ndiyo maana tunawaomba mandike kanuni za kupokezana uongozi mkiwa bado mnapendana.

Kwa walio ng'ambo

Wakenya walio Marekani, Ulaya na Ghuba wana vikundi vyao vya kusaidiana, na mara nyingi huuliza kama maswali haya ni ya Kenya tu. Si ya Kenya tu. Nchini Marekani, kwa mfano, kanuni iliyoanza kutekelezwa Mei 2018 haizitaki benki kutafuta wamiliki wa shirika lisilo la faida lililosajiliwa, kwa kuwa halina wamiliki, lakini inazitaka zimtambue angalau mtu mmoja mwenye madaraka ya kuliendesha. Jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na namba yake ya utambulisho. Ni swali lile lile: nani ameshika usukani?

Kama kikundi chenu kina tawi huku na tawi kule, kila tawi litathibitishwa mahali lilipo. Cheti cha Texas hakifungui akaunti ya Kisumu.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Cheti cha usajili kilicho hai, na katiba ya kikundi.
- PIN ya KRA ya kikundi.
- Muhtasari wa mkutano ulioidhinisha akaunti, wenye majina kamili na sahihi.
- Vitambulisho halisi vya viongozi wote watakaoendesha akaunti, na wao wenyewe wawepo na simu zao.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kila kiongozi mwenyewe, si la mtoto wala la jirani.
- Maelezo mafupi ya kazi ya kikundi: mnachangisha nini, kutoka kwa nani, na mnalipa nani.

Kaeni pamoja siku moja, baada ya mkutano, mfanye kazi hii kwa mkupuo. Soma kila jina kwa sauti kutoka kwenye kitambulisho huku mwingine akiangalia kwenye cheti na muhtasari. Mkikuta herufi imepotea, mmeokoa wiki mbili.

Yule mwenyekiti wa akina mama wa sokoni alirudi kwetu baadaye, mwezi wa Mei. Walikuja watatu, kila mmoja na kitambulisho chake kwenye bahasha. Alipofika kwenye picha ya uso alicheka kwamba hajawahi kujipiga picha akiwa hajajipamba. Wakamaliza. Januari iliyofuata, karo ya watoto ililipwa kutoka kwenye akaunti yenye jina la kikundi, na sahihi mbili nyuma yake.

Kama ombi lenu limekwama na hamjui ni kwa nini, tupigieni au mje kwenye ofisi yetu iliyo karibu nanyi. Ulizeni mwambiwe ni karatasi gani au jina gani lenye kasoro. Hiyo ni haki yenu, na ni kazi yetu kuwajibu.